Ngoma isiishie kwenye sherehe



Hapa Tchomia, mgeni mkubwa anapokuja kufungua kisima au kituo cha afya, sisi watu wa ngoma na michezo ya kuigiza huitwa. Tunaimba, tunapigiwa makofi, tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Leo tunaomba jambo lingine: tuitwe mapema, kabla kisima hakijachimbwa.

Kwa nini? Kwa sababu huduma inaweza kuwepo na watu wasiitumie. Tarehe 31 Mei 2003 wapiganaji waliingia hapa wakaua raia wengi, na hata wagonjwa hospitalini hawakusalimika. Ukuta hupakwa rangi upya, lakini hofu haifutiki hivyo. Desemba 2017 vurugu zilianza tena Djugu, na maelfu ya watu wakavuka Ziwa Albert kukimbilia Uganda. Mama aliyepitia hayo anajiuliza: muuguzi wa kabila lingine atamtunza mtoto wangu? Swali hilo hatamwuliza mganga mkuu wa zoni ya afya. Atabaki nalo nyumbani, pamoja na mtoto mwenye homa.

Septemba 2018 ugonjwa wa Ebola ulithibitishwa hapa Tchomia. Mlipuko ule, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Chanjo ilikuwepo, lakini wengine waliikataa. Walikuwa na maswali kuhusu mazishi, kuhusu pesa, kuhusu wageni wenye magari. Kipaza sauti kilisema sana, ila hakina masikio.

Mchezo unaoshirikisha watazamaji una masikio. Tunaigiza mama aliyesimama mlangoni pa hospitali, anaogopa kuingia. Hapo tunasimamisha mchezo na kuuliza: «Ungekuwa wewe, ungefanya nini?» Mvuvi anakuja kuchukua nafasi ya mume. Muuguzi anacheza mgonjwa. Watu wanacheka, kisha ukweli unatoka.

Njia hii si ngeni. Augusto Boal wa Brazili aliifanya ijulikane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walikaa na wanakijiji wa Malya, Tanzania. Wanakijiji wenyewe walichagua tatizo lao, mimba za wasichana, wakalijadili kwa ngoma na maigizo.

Lakini tusijidanganye, sanaa inaweza pia kuua. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilichanganya muziki na maneno ya chuki. Kwa hiyo tunajiwekea masharti matatu. Kwanza, kikundi kiwe na Wahema, Walendu na majirani wengine wa ziwa, wote wakitunga pamoja. Pili, asitajwe mtu halisi jukwaani, wala kabila lisifanywe mzaha. Tatu, maswali ya watazamaji yaandikwe, na mkuu wa huduma aje kuyajibu mbele ya watu wale wale, kwa siku inayojulikana. Asipokuja, tutakuwa tumewafundisha watu kwamba kusema hakufai kitu.

Nanyi wafadhili, wekeni kazi hii ndani ya mpango tangu mwanzo, pamoja na nauli na posho. Mvuvi anayeacha wavu wake kuja mazoezini ameacha chakula cha watoto wake.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Siku ya kufungua jengo tutapiga ngoma kama kawaida. Ila tunataka siku hiyo yule mama awe ameshauliza swali lake, na ameshajibiwa.