Jina Lisiloandikwa
(Hotuba iliyosomwa katika sikukuu ya Yubilei)



Tumeagizwa tuseme habari ya misaada itokayo nchi za nje, na jinsi inavyowafikia maskini wa viunga vya Dar es Salaam, toka Mbagala hata Kinondoni. Habari hiyo ni ndefu mno. Sisi tutashika sehemu moja tu: ni nani aliyeandikwa, na ni nani aliyesahauliwa.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hatusomi kwamba chakula kilipungua. Mitume walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kukigawa.

Na huku kwetu, mwaka 1974 Benki ya Dunia iliikopesha serikali fedha za kupima viwanja kwa watu wenye pato dogo. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikatwa barabara. Manzese, palipokwisha kujengwa bila mpango, palitengenezwa palepale. Sehemu ya pili ya kazi, tangu 1977, ikafika Mbagala, Tabata na Tandika. Kazi ile haikupotea. Mtu apitaye Sinza leo huona mitaa iliyonyoka, na gari laweza kumfikia mgonjwa mlangoni. Lakini viwanja vingi viliangukia mikononi mwa wenye mishahara. Maana maskini akipewa kiwanja bila fedha ya kujengea, na benki haimkopeshi mtu asiye na pato la hakika, atafanya nini? Huuza, akahamia mbele zaidi, pasipo na bomba.

Hananasif palifuatwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990, kwa fedha za wafadhili na uongozi wa Shirika la Kazi Duniani, wenyeji wenyewe, wanaume kwa wanawake, walichimba mitaro kwa ujira. Hapo fedha ya msaada ilikaa mtaani kwanza, kabla ya kwenda kwa mkandarasi.

Kisha kuna TASAF, mfuko uliowekwa mwaka 2000, ambao tangu 2012 umezipa kaya maskini ruzuku ya fedha. Majina hutajwa hadharani katika mkutano wa mtaa, nasi twasifu desturi hiyo. Lakini mkutanoni huja nani? Mama mpangaji aliyehama chumba mara tatu kwa mwaka mmoja hajulikani kwa mwenyekiti, na saa ya mkutano yu sokoni Tandika akiuza mihogo.

Tusiwacheke wengine. Mwaka mmoja ulikuja mzigo wa unga na mablanketi kutoka ng'ambo (hatujui nani aliyewaambia kwamba watu wa pwani husikia baridi), nasi makatekista tukaambiwa tuandike majina. Tuliwaandika wakaao viti vya mbele, na waliokwisha kutoa zaka, na baadhi ya shangazi zetu. Jioni, mzigo ulipokwisha, akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni asiseme neno. Hatukuwa na la kumpa. Jina lake hatukulijua, ingawa alikuwa akisali pamoja nasi tangu Kwaresima.

Baba Askofu, sehemu ya sadaka ya Yubilei hii itakwenda kwa maskini. Kabla fedha haijahesabiwa, twaomba kila jumuiya ndogo ndogo ichague watu wawili, mmoja wao awe mpangaji. Wapite chumba hata chumba, usiku, watu wakiisha rudi kazini, wala wasiulize kwanza dini ya mtu. Orodha ibandikwe mlangoni pa kanisa Jumapili mbili, ili aliyeachwa aseme.

Nasi makatekista twaomba tusishike kalamu mwaka huu.