Kupanda Mti na Kushuka Salama
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Neno "kupanda" lina maana mbili, na sisi twazifanya zote mbili. Twapanda mche ardhini, na miaka ikipita twampandisha kijana juu ya mti ule ule akapogoe matawi au achume mbegu. Kazi ya kwanza tumefundishwa vizuri. Ya pili kila mtu amejifundisha mwenyewe, na hilo ndilo lililotufanya tuombe ruhusa ya kusema leo.

Wengi wetu hupata riziki kwa miti. Mgrivea, ulioletwa kutoka Australia ili utie kahawa na chai kivuli, leo umejaa mipakani mwa mashamba yetu. Katika misitu ya serikali kuna saiprasi na misonobari, ambayo hupogolewa ili mbao zake zisiwe na vifundo. Kazi hii ni ya heshima, lakini haina huruma kwa asiye na tahadhari.

Wazee wetu, hatuwezi kusema haya kama watu wasio na lawama. Mwaka uliopita tulimwomba ndugu yetu mmoja apunguze mgrivea ulioelemea paa la nyumba ya chama. Aliomba kamba nzuri. Tukampa iliyokuwamo ghalani, kamba ya katani iliyonyeshewa misimu miwili. Tawi lilipokatika lilimsukuma, akaning'inia, na kamba ikakatika. Nasi, kwa haraka ya kumsaidia, tukamwinua kwa mikono na miguu, tukamtia garini. Leo anatembea kwa mkongojo. Katika daftari tuliandika neno moja tu, "Ajali." Neno hilo halikutosha, kwa maana kamba ilikuwa yetu. Fedha tulizochanga kwa matibabu zingalinunua kamba na mikanda, na baki ingalirudi sandukuni. Mchuma janga hula na wa kwao.

Basi twaomba mambo haya yashikwe.

Kwanza, tawi linalofikiwa kwa msumeno wa mpini mrefu likatwe mtu akiwa amesimama chini. Asipande mtu ila pasipo njia nyingine.

Pili, mti utazamwe kabla ya kukwewa: matawi makavu, uyoga shinani, mashimo, mizinga ya nyuki, na zaidi ya yote nyaya za umeme. Penye waya waitwe wenye umeme. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma, kazi ingoje. Tawi la mgrivea huvunjika upesi.

Tatu, ngazi isimame imara. Kwa kila futi nne za kwenda juu, mguu wake uwe futi moja mbali na shina, na kichwa chake kifungwe mtini. Mpandaji awe na viungo vitatu vilivyoshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja.

Nne, mkanda na kamba viwe vile vilivyotengenezwa kwa kazi ya kumzuia mtu asianguke, wala si kamba ya kufungia ng'ombe. Vikaguliwe kila siku, na kilicholika kitupwe. Anayekata kwa msumeno ajifunge mahali pawili, ili kimoja kikikatwa kwa bahati mbaya kingine kimshike. Vifaa vivutwe juu kwa kamba baada ya yeye kutulia.

Tano, mtu asipande peke yake. Chini awepo mwenzake mwenye kofia ngumu, ajuaye namna ya kumteremsha, kwa kuwa mtu aliyening'inia mkandani aweza kuzimia upesi. Akianguka asiinuliwe ovyo. Kichwa na shingo vishikwe vitulie mpaka wajuzi wafike, isipokuwa hapo alipo pana hatari nyingine.

Tena, vijana wetu walioajiriwa wajue haki yao. Sheria mbili za mwaka 2007, ile ya usalama na afya kazini na ile ya mafao ya aumiaye kazini, zamtaka mwajiri aweke mahali salama pa kazi, awakatie wafanyakazi wake bima, na kuripoti ajali. Mfanyakazi akiona hatari kubwa aiseme kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale kabla hatari haijaondolewa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali fedha za mikanda miwili, kamba zake na kofia, vitunzwe pakavu na kuazimwa kwa wanachama. Twajua wako wazee watakaosema sanduku ni la misiba. Kwa heshima twawajibu kwamba hii ndiyo njia ya kupunguza misiba yenyewe.

Tulipomzuru ndugu yetu hospitalini hakutulaumu. Alituuliza tu kama paa lilisalimika. Paa lilisalimika. Mpanda ngazi hushuka, wazee wetu. Yatupasa tuhakikishe anashuka kwa miguu yake.