Neno MOTO na Jamaa Zake



Kwa Mswahili neno "moto" halina taabu. Ndio upikao ugali, na ndio uunguzao nyumba. Lakini herufi hizo nne huonekana vile vile katika vitabu vya mataifa mengine, wala maana yake si hiyo. Mwitalia aandikapo "moto" ataka kusema mwendo. Mjapani, lugha yake iandikwapo kwa herufi za Kirumi, analo "moto" lenye maana ya asili au shina, na ndilo lililo mwishoni mwa jina la Yamamoto, yaani penye shina la mlima. Huko Rwanda na Burundi "moto" ni pikipiki, nalo limetoka kwa Wafaransa, ambao walilikata neno lao refu wakabakiza kichwa chake.

Wako watu ambao wakiona maneno mawili yamefanana hivyo hutangaza mara moja kwamba wenye maneno hayo walitoka tumbo moja. Jambo hili si mchezo. Historia ya kabila ikijengwa juu ya neno moja lililofanana na la taifa la mbali, watoto hufundishwa uongo, na uongo huo ukiisha kupigwa chapa ni kazi kubwa kuufuta. Neno la Mwitalia ni la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kusogea. Neno la Mswahili amelirithi kwa wahenga wa Kibantu. Yamekutana njiani tu, kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja.

Basi udugu wa kweli hujulikanaje? Ajabu ni kwamba aghalabu hujulikana kwa tofauti, ikiwa tofauti hiyo inafuata kanuni. Mgiriama haiti moto "moto", huita "moho". Mti huuita "muhi". Yaani pale Mswahili anapotia T, Mgiriama hutia H, si mara moja bali katika maneno mengi. Hapo mtu angetazamia kwamba "mtu" kwa Mgiriama awe "muhu". Lakini sivyo, Mgiriama husema "mutu". Je, kanuni imevunjika? La. T ya "mtu" zamani haikuwa T tupu, ilikuwa NT, kama Mzulu asemavyo hata leo "umuntu", na kama Mkikuyu asemavyo "mũndũ". Kwa hiyo haikugeuka pamoja na ile ya moto na mti. Kanuni inayoeleza hata kile kinachoonekana kuivunja yafaa kuaminiwa kuliko maneno mia yaliyofanana sura. Bwana Malcolm Guthrie, mtaalamu wa Kiingereza, alikusanya maneno ya lugha za Kibantu kwa njia ya namna hii, akayatoa katika vitabu vyake vikubwa kati ya mwaka 1967 na 1971.

Lugha ya Kilingala, isemwayo Kinshasa na kando ya mto Kongo, ina jambo gumu zaidi. Humo "moto" ni mtu. Tena "moto" ni kichwa. Tena "moto" ni moto wenyewe. Msemaji hazichanganyi hata kidogo, kwa sababu sauti hupanda na kushuka mahali mbalimbali, na ile O ya moto uwakao hutamkwa kwa kinywa kilicho wazi zaidi. Wataalamu huweka alama juu ya herufi. Watu wengi waandikao barua hawaziweki. Mgonjwa wa Kinshasa akimwambia mganga kwamba "moto" unamwuma, mkalimani ajuaye Kiswahili tu aweza kumtafutia dawa ya kuungua, na kumbe maskini anaumwa kichwa.

Hata hivyo maneno hayo matatu ya Kilingala, kila moja lina ndugu yake halisi Afrika ya Mashariki. La kwanza ni ndugu wa "mtu". La tatu ni ndugu wa "moto". La pili ni ndugu wa "mũtwe" wa Mkikuyu, na wa "kichwa", ambacho watu wa Mombasa na Lamu hukiita "kitwa". Udugu wa kitwa na moto jicho halikuuona. Kanuni ndiyo iliyouonyesha.

Liko na neno "motokaa". Limetoka kwa Mwingereza, na sehemu yake ya kwanza ni ya ukoo ule ule wa Kilatini wa kusogea. Lakini sikio la Mswahili haliwezi kujizuia kusikia humo moto na kaa lake, na kwa chombo kinachokwenda kwa kuchoma mafuta tumboni, sikio hilo halikukosea sana.