Wazee Wetu Wanataka Kulipa Mchango

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kalemie, tarehe 1 Oktoba



Leo ni siku ya wazee, ile Umoja wa Mataifa uliweka mwaka 1990. Sitakawia hapo. Niko na neno juu ya mchango wetu wa mwezi.

Tulipanga, kwa huruma, wazee wasilipe. Mimi pia nilisema ni vizuri. Sasa angalieni: tangu tuwasamehe, wengi hawaji tena mkutanoni. Nilienda kuuliza upande wa Kataki. Muzee mumoja akanijibu: "Mwanangu, asiyetoa kitu atasema nini mbele ya wenye kutoa?" Sabuni yetu anapokea, anashukuru, basi.

Kule Lugufu na Nyarugusu, ugomvi wa ndoa ao wa maji ukitokea, wazee ndio waliitwa kwanza. Tuliporudi kwa meli toka Kigoma, tukatawanyika: mumoja Kataki, mwingine Katanika, mwingine Lubuye. Jirani wa miaka kumi sasa yuko mbali, na pikipiki inaomba franka. Wale waliokimbia vita ya Watwa na Waluba mwaka 2016 na 2017 walifika hapa wengine bila jamaa. Kisha ziwa likapanda, likabomoa nyumba za pembeni, watu wakahama tena. Muzee akihama hivyo mara tatu, nani atajua akigonjwa? Nani atakuja kwenye kilio chake?

Kuna wanaosema kuomba mama mujane pesa ni aibu. Sawa, lakini sikusema pesa tu. Atoe kikombe cha ndakala, ao siku moja ya kulinda watoto wa wale wanaoenda shamba, na katibu aandike jina lake kama wengine. Na mkutano uanze asubuhi. Saa nane ya muchana jua linawashinda.

Kwenu watoaji: munatuuliza kila mara idadi ya sabuni. Nauli ya muzee kufika mkutanoni haina nafasi kwenye fomu. Mimi ndiye ninayeijaza, najua. Tunaomba muikubalie mustari wake.

Kura juu ya mchango ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, makanisa yakitoka. Muje na wazee wenu; wao pia watapiga.