Kujifunza Kirusi Ugenini: Uliza Utaishi na Nani



Nimeombwa niseme machache juu ya nafasi za masomo ng'ambo kwa wanaojifunza Kirusi na lugha nyingine za Kislavoni. Sisemi kama mtaalamu, bali kama mtu aliyeyaonja.

Mwaka 1984 nilifika Kharkov, mji ambao leo huitwa Kharkiv, ukiwa bado katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu. Herufi zilikuwa 33, nyingine za kudanganya: P husomwa R, na H husomwa N. Siku moja niliona kibao cha "magazin" nikaingia kutafuta magazeti. Kumbe ni duka, wanauza kabichi na samaki!

Lakini kosa langu halikuwa hilo. Watanzania tulikuwa watatu chumba kimoja, tukipika pamoja na kuzungumza Kiswahili hadi usiku wa manane. Mwezi Januari nikaanguka mtihani wa mazungumzo. Nikaomba kuhamishwa, nikawekwa na kijana wa mji uleule. Kufikia Mei nilikuwa nabishana naye juu ya mpira, kwa Kirusi. Kwa hiyo, vijana, msiulize jina la chuo tu. Ulizeni mtaishi na nani.

Sasa nafasi zenyewe. Kwanza ni Urusi. Serikali yake hutoa nafasi za masomo kwa wageni. Hulipa ada na posho ndogo, lakini tiketi na bima ni juu yako. Mwaka wa maandalizi ya lugha ungalipo. Taasisi ya Pushkin ya Moscow, iliyoanzishwa mwaka 1966, kazi yake hasa ni kufundisha Kirusi kwa wageni. Hata hivyo, Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na vita hivyo vimewagusa hata wanafunzi. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, kisha akajiunga na jeshi la kukodiwa na kuuawa Ukraine. Basi usitie saini karatasi usiyoielewa kila neno, hasa inayoahidi fedha nje ya masomo.

Pili, kuna Kirusi nje ya Urusi. Katika miji ya Almaty, Kazakhstan, na Bishkek, Kirgizstan, Kirusi husemwa sokoni na ofisini. Baada ya mwaka 2022 vyuo kadhaa vya Marekani na Ulaya vilihamishia wanafunzi wao wa Kirusi huko.

Tatu, wako ndugu wa Kirusi. Chuo Kikuu cha Charles, Prague, kilianzishwa mwaka 1348. Kile cha Jagiellonia, Krakow, mwaka 1364. Huko Ucheki, vyuo vikuu vya serikali havimtozi ada mgeni anayesoma shahada kwa Kicheki chenyewe. Kicheki na Kipolandi huandikwa kwa herufi kama zetu, zikiongezewa alama chache. Kibulgaria hutumia herufi za jamii ya Kirusi, lakini hakina zile hali sita za nomino zinazowatoa jasho wanafunzi wa Kirusi. Nazo msiziogope. Aliyekulia katika ngeli anajua tayari kwamba neno moja likibadilika, mengine hulifuata.

Ndugu zangu, nimalizie na yule mwenzangu wa chumbani. Aliondoka Kharkiv mwaka 2022, yeye na mkewe na mabegi mawili, na sasa wako Poland. Nyumbani kwao siku hizi wanazungumza Kiukreni tu. Mimi huniandikia kwa Kirusi, maana ndiyo lugha pekee tunayoelewana. Nisingalihama chumba kile mwaka wa kwanza, leo nisingeweza hata kumpa pole.