Baa zilipofungwa, pombe ilienda wapi?

(Haya niliyasema jioni kwenye mkutano wa mtaa hapa Gatitu. Mliomba niyaweke, nimeyaweka. Kawaida ya uzi huu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.)



Kila kampeni ikifika huku Nyeri, mmoja anapanda jukwaani kusema atafunga baa zote, mwingine anamjibu kwamba baa ni kazi za vijana wetu. Tunawapigia makofi wote wawili. Lakini si baa zilishafungwa? Hiyo kitu tuliiishi.

Kumbukeni. Machi 2020 korona iliingia, baa zikafungwa nchi nzima, kafyu ikaanza saa moja jioni. Hazikufunguliwa rasmi hadi mwisho wa Septemba. Miezi sita! Jirani yangu aliacha kunywa? Wapi. Alihamia sebuleni. Sheria ya 2010 ilisema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Yeye sasa alianza saa nne asubuhi, manake kibarua hakuna na chupa iko chini ya meza. Wengine walifungiwa ndani na mwenye baa, mlango wa nyuma, hadi kafyu iishe alfajiri. Wasio na pesa ya chupa wakarudi kwa chang'aa, na hiyo hakuna anayejua imetiwa nini.

Nitasema ukweli, wako pia walioacha. Pesa iliisha, na marafiki wa kaunta hawakuwepo. Nawajua wawili, mmoja hajarudi hadi leo. Huyo hakusaidiwa na serikali yoyote.

Sigara nayo? Sheria ya 2007 inakataza kuuza moja moja, lakini niambieni ni kioski gani hapa hakiuzi. Vijana walishusha barakoa, fegi moja ikapita midomo minne, na huo ulikuwa ugonjwa wa mapafu. Wazee waliokuwa wakivutia nje ya baa wakaanza kuvutia jikoni.

Mimi shida yangu iko hapo jikoni. Shule zilifungwa Machi 2020 na watoto wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Walikuwa kwa nyumba, wakiangalia. Mtoto aliyetumwa chupa akiwa na miaka 11, mwaka 2027 anapiga kura. Na wengine tayari wanawashinda baba zao kwa kunywa.

Kwa hivyo mgombea akija, hii habari ya kufunga na kufungua achana nayo. Leseni za baa ni kazi ya kaunti kwa katiba ya 2010. Ushuru wa pombe unaenda serikali kuu. Anayetaka kaunti muulize: pesa ya leseni, ni ngapi inaenda kumtibu anayetaka kuacha? Mama wa hapa Gatitu atampeleka kijana wake wapi kesho asubuhi bila kuuza ng'ombe? Anayetaka bunge muulize hivyo hivyo kuhusu ushuru. Akianza tena hadithi ya baa, mrudishe kwa swali.

Maikrofoni iko huko nyuma. Anza wewe, mama wa kitambaa chekundu.