Gari la Wote Linapokataa Kuwaka

Maneno ya fundi wa umeme wa magari mbele ya familia za wahamishwaji, wenyeji waliowapokea na viongozi wao

Niliombwa niwaeleze namna ya kutafuta hitilafu ya umeme katika gari la zamani. Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni: umeme wa gari na amani, wapi na wapi? Mzee wangu, nitakujibu kwa kisa, na katika kisa hicho hicho tutajifunza kazi.

Katika mji mmoja wa kando ya Ziwa Tanganyika, wahamishwaji na wenyeji walichanga pesa pamoja, wakanunua Hiace ya dizeli iliyokwisha tumika miaka mingi. Mchana ilibeba ndagala na mawese kwenda sokoni. Usiku, akitokea mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa, ilimpeleka hospitali. Dereva alikuwa mhamishwaji, nalo gari lililala katika ua wa mwenyeji. Basi ikaanza tabia moja: jioni gari linazimwa likiwa zima, asubuhi halina nguvu hata ya kupiga honi. Wakanunua betri mpya. Baada ya wiki chache, hali ni ile ile. Wakanunua ya pili.

Ndipo maneno yalipoanza. Wenyeji walisema dereva anawachajia watu simu usiku na kula pesa. Wahamishwaji walisema wenye ua wanachezea nyaya ili dereva afukuzwe na gari libaki kwao. Usiku mmoja mama alibebwa kwa machela ya miti kwa sababu gari halikuwaka. Yeye na mtoto walipona, lakini yaliyosemwa usiku ule yalikuwa mazito, na kamati ikaitisha mkutano wa kugawana gari. Mtu hugawana mbuzi, gari utaligawanaje?

Nilipoitwa, sikuuliza nani amefanya nini. Niliomba mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya mkononi. Haina bei kubwa, betri moja inaipita mara nyingi.

Kipimo cha kwanza ni cha betri yenyewe, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, karibu imekwisha. Ile Hiace jioni ilikuwa 12.6, na alfajiri 11.8. Kwa hiyo betri ilikuwa ikijaa vizuri mchana, kisha kitu fulani kikainywa usiku. Hapo tayari tulijua kwamba betri ya tatu isingesaidia kitu.

Kipimo cha pili, injini ikiwa inazunguka. Alternata nzima hupandisha kipimo hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi: angalia kwanza mkanda kama umelegea, kisha nyaya, kisha alternata yenyewe. Ikipita 15, betri inachemshwa, na maji yake yatakauka. Hiace ilionyesha 13.8, na kwa sababu hiyo kila fundi aliyetangulia alisema alternata haina kosa.

Kipimo cha tatu ndicho watu wengi hawakijui. Zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo. Fungua waya wa masi kwenye betri, yaani ule wa upande wa kutoa, kisha weka mita katikati ya nguzo ya betri na waya huo, mita ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Sasa umeme wowote unaotoka unapita ndani ya mita na unauona. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaiunguza. Gari la zamani lililolala halipaswi kunywa zaidi ya ampea 0.05 hivi. Lile lilikuwa linakunywa ampea 3. Piga hesabu: ampea 3 kwa saa 12 za usiku ni 36, nayo betri ile ilikuwa ya 70. Nusu nzima ilikwenda kila usiku, na injini ya dizeli haikubali kuzungushwa na betri iliyochoka.

Tukachomoa fyuzi moja moja, wawakilishi wa pande zote mbili wakiangalia mita. Ya taa za ndani: bado 3. Ya redio: bado 3. Ya tundu la kuchajia simu: bado 3. Tukachomoa zote, namba haikusogea. Tukafungua betri kabisa, tukatoa waya mnene wa alternata, tukaufunga mpira usiguse chuma, tukarudisha mita. Ikashuka hadi 0.03.

Ndani ya alternata mna diodi. Diodi ni kama mlango unaofungukia upande mmoja tu: umeme unatoka kwenda kwenye betri, haurudi. Mmoja wa milango ile ulikuwa umeharibika, na usiku umeme ulirudi nyuma na kupotea. Hakuna mkono wa mtu uliohusika.

Dereva alikiri kwamba alichaji simu, tano au sita kwa usiku. Ni kweli, na kamati ilimkanya. Lakini simu ndogo ya vitufe huchukua chini ya nusu ampea kwa saa moja ya hesabu yetu, kwa hiyo zote sita hazifiki 3, mbele ya 36. Kosa lake lilikuwepo, ila si lililoua betri. Viongozi, hapa naomba msikilize: watu wakishampata mwenye kosa dogo, wanaacha kutafuta.

Magari mengine yana ugonjwa tofauti. Mmoja ulio mwingi katika magari ya zamani ni masi mbaya. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kupitia chuma cha bodi na injini. Kutu ikikaa kwenye maungio, taa zinafifia, ukiwasha moja nyingine inazimika, na stata inazunguka kwa uvivu. Wanaotoka upande wa Goma wanajua mabati yanavyoliwa na moshi wa Nyiragongo; maungio ya waya huliwa vivyo hivyo. Weka mita kati ya nguzo ya masi ya betri na chuma cha injini, mwenzako azungushe stata. Ikizidi nusu volti, fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Ukisikia »tak« moja na injini haizunguki, huku betri imejaa na maungio ni safi, katika Toyota nyingi za zamani ni vipande vya shaba ndani ya stata vimelika. Hubadilishwa hivyo tu, bila kununua stata nzima. Msikubali kuuziwa.

Fyuzi ikiungua, weka ya namba ile ile. Karatasi ya sigara au kipande cha waya kitawasha taa leo na kuchoma gari kesho. Wala msikubali fundi afungue betri injini ikizunguka ili »kupima dinamo«. Wazee wetu wa garaji walifanya hivyo enzi za dinamo za kweli. Alternata inaweza kuunguza diodi zake hapo hapo.

Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo sigara na kibatari viwe mbali. Fungua masi kwanza, irudishe mwisho. Maji yake ni tindikali: yakigusa jicho, osha kwa maji safi mengi, muda mrefu, kisha nenda hospitali. Na mnaongeza maji yaliyokenekwa (distilled) ya dukani, ya ziwa hapana.

Ile kamati ilinunua mita na daftari. Kila jioni dereva na mtu wa ua wanapima pamoja, wanaandika, wanatia sahihi wote wawili. Asubuhi vivyo hivyo. Mkutano wa kugawana gari haukufanyika.

Sasa tutoke nje. Nimeweka hitilafu tatu katika gari lile la bluu. Vijana wajigawe wawili wawili, mhamishwaji na mwenyeji, mmoja ashike mita na mwingine aandike. Mwenye pete au saa ya chuma aivue kwanza.